Kilimo, maji na msosi: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimechoka kuandika jibu lilelile mara kumi kwa wiki, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mimi nalima Mvomero, Morogoro, ekari tatu na nusu, mahindi na mbaazi, kipande cha mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, na bustani ya nyanya ambayo imenifunza adabu. Sio profesa. Niliyosoma nimeyasoma na niliyoyaona nimeyaona, pale ninapotoa maoni yangu mtayajua maana nikianza maoni huwa sifichi.

Kwani kilimo gani hasa ndo kinaharibu mazingira? Cha jembe la mkono, cha trekta, cha dawa au kipi?

Swali hili kila mtu analiuliza akiwa na jibu lake mfukoni. Mwenye trekta anamlaumu anayechoma misitu, wa kilimo hai, kile kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, anamlaumu wa mbolea, wa mjini anamlaumu mfugaji. Mimi naangalia kitu kimoja kwanza, maji yanayotoka shambani mvua ikikata yana rangi gani.

Kwa bibi yangu huko milimani Uluguru ukipanda juu kabisa, pale mto unapotoka msituni, unaona kokoto chini ya maji hata baada ya mvua kubwa. Shuka dakika arobaini tu, ukishapita mashamba ya mahindi yaliyolimwa kufuata mteremko, mto uleule umekuwa chai ya maziwa. Ile rangi ndo shamba lenyewe linaondoka. Udongo wenye rutuba ni tabaka la juu, sentimita kumi na tano ishirini hivi, na kuutengeneza sentimita moja tu ni kazi ya miaka mamia, sasa we unaipoteza kwa masika mawili matatu. Maji hayo yanaingia Ruvu, Ruvu inanywesha Dar, kwa hiyo ndugu yangu wa Kimara ukifungua bomba likatoka limechafuka usiishie kuwalaumu watu wa maji tu, kuna mtu juu huko analima bila kinga.

Kwa hiyo jibu langu, kilimo kinachoharibu ni kile kinachoacha udongo uchi na maji yanakimbia. Kinaweza kuwa cha jembe, cha trekta, hata cha hai.

Basi si watu walazimishwe kutengeneza matuta?

Walishalazimishwa. Wakati wa mkoloni kulikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi Uluguru, watu wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi mlima mzima. Shida yake ukichimba ngazi kwenye udongo ule mwembamba unafukua ule wa chini usio na kitu unauleta juu, mahindi yanakuwa ya njano, halafu ni kazi ya kuvunja mgongo na hulipwi. Mwaka 1955 watu wakachoka, kukawa na vurugu Matombo, polisi wakaja, mtu akafa, mpango ukafa nao. Mpaka leo kuna wazee ukitaja matuta wanakuangalia vibaya. Ila upande wa Mgeta watu wana ngazi zao wanalima kabichi na viazi na wala hakuna aliyewalazimisha, kwa sababu mboga inalipa ile kazi.

Machakos kule Kenya ndo mfano ninaoupenda. Miaka ya 1930 mabwana shamba wa Kiingereza waliandika kabisa kwamba sehemu ile imekwisha, makorongo matupu, watu wamezidi. Kufika 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko umepungua! Walichofanya ni fanya juu, unachimba mtaro kwenye kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, udongo unautupa juu ya mtaro, miaka ikienda ngazi inajitengeneza yenyewe taratibu. Na walifanya kwa sababu soko la Nairobi lilikuwa karibu, kahawa na mboga zilikuwa zinauzika, na shamba lilikuwa lao. Mtu hachimbi mtaro kwenye shamba la kukodi la msimu mmoja, tusidanganyane.

Umetaja ngoro sehemu nyingine, ndo nini?

Hapa mniache niongee.

Ngoro ni kilimo cha Wamatengo, Mbinga mkoani Ruvuma. Karne ya 19 walisukumwa milimani na vita vya Wangoni, wakajikuta wengi kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anafikiria mara mbili, na wakatakiwa wale hapohapo. Walichobuni mpaka leo wataalamu wanasafiri kwenda kukiangalia.

Mvua zikikaribia kuisha, mwanaume anafyeka majani, yakishakauka kidogo anayapanga kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa kama daftari la hesabu lile la miraba. Kisha wanawake wanaingia na jembe, wanachimba katikati ya kila mraba na ule udongo wanafunika majani. Ukimaliza una shimo katikati lenye upana kama wa meza ndogo ya chakula, na kingo pande zote nne, ndani ya kingo kuna majani yanaoza. Maharage yanapandwa juu ya kingo, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga kila shimo linashika maji yake na tope lake, hakuna kinachofika mtoni. Na mbolea iko chini ya mmea ulipo, hujanunua kitu.

Nimekwenda mara moja tu, nikakanyaga ukingo mmoja kwa bahati mbaya, mama mwenye shamba akaniambia "baba shuka hapo, huo ni mgongo wa shamba". Nikashuka.

Ubaya wake? Kazi. Ni kazi ngumu sana na nyingi inamwangukia mwanamke. Vijana wanaona bora walime kahawa au wahame, na ukiacha kuchimba ngoro kwenye mteremko ule ukalima tambarare, shamba linashuka bondeni. Kila anayesifia kilimo cha asili namuuliza, nani atachimba?

Mbolea ya chumvichumvi inaua udongo, kweli au uongo?

Nusu nusu. Mbolea yenyewe sio sumu ya udongo, mmea haujui kama naitrojeni imetoka kwenye mfuko au kwenye kinyesi cha ng'ombe. Tatizo ni mtu anaweka DAP na urea miaka kumi na tano mfululizo, kila mwaka anachoma mabua, harudishi hata jani, halafu anashangaa. Urea na DAP zinaongeza tindikali kwenye udongo taratibu, tindikali ikizidi fosforasi inafungwa, unaweka mbolea zaidi na unavuna kidogo zaidi. Hapo anasema mbolea imeua shamba. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na kurudisha mboji, na kupima udongo kabla ya kununua kitu chochote. Kupima ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa mbolea ila watu hawapimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu majibu ya maabara hayaonekani kama mfuko unavyoonekana.

Halafu ikizidi nayo ina madhara nje ya shamba. Sehemu inageuka gesi ya naitrasi oksaidi ambayo inashika joto karibu mara 270 kuliko kaboni dayoksaidi. Nyingine inaingia mtoni, kule Marekani mbolea ya mashamba ya mahindi inashuka na Mississippi mpaka Ghuba ya Meksiko, kila kiangazi kuna eneo kubwa la bahari samaki hawawezi kupumua. Ziwa Victoria gugu maji linanenepa kwa rutuba ya namna hiyohiyo, mbolea, tope na majitaka ya miji.

Lakini msichanganye mambo. Wamarekani wanaweka nyingi kupita kiasi, sisi wengi tunaweka kidogo kupita kiasi. Abuja mwaka 2006 marais wa Afrika walikubaliana tufike kilo 50 za virutubisho kwa hekta kabla ya 2015, na miaka ikapita bado bara kwa ujumla liko mbali na hapo. Mahindi yetu kwa wastani gunia sita saba nane kwa ekari, Mmarekani anavuna arobaini na kitu. Sasa ukimwambia mtu wa gunia sita apunguze mbolea kwa ajili ya mazingira unamwambia afyeke msitu mwingine, maana chakula lazima apate mahali.

Kwa hiyo kilimo hai hakiwezi kutulisha?

Sijasema hivyo. Ila fanya hesabu na mimi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iliyokauka ina kama asilimia moja hadi mbili hivi. Yaani kufidia mfuko mmoja unahitaji tani moja na nusu au mbili za samadi, hiyo ni kirikuu safari tatu nne, na hujahesabu kupakia na kushusha. Kwa mtu mwenye ng'ombe zizini na nusu ekari inawezekana kabisa na samadi inampa vitu ambavyo urea haina, udongo unashika maji, minyoo inarudi. Kwa mtu wa ekari kumi ambaye hana hata kuku, hapana.

Sri Lanka walijaribu kwa amri. Mwaka 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa akapiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani na viuatilifu nchi nzima, ghafla, hakuna maandalizi. Mpunga ukashuka vibaya, nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza, chai nayo ikaumia. Novemba mwaka huohuo wakarudi nyuma. Uchumi wao ulikuwa na matatizo mengine mengi msije mkasema ni mbolea tu ilimtoa rais, lakini mkulima mdogo ndo aliyelipa.

Kilimo hai kinafanya vizuri pale kilipo na soko lake na muda wa kujenga udongo. Pamba hai ya Meatu ipo tangu miaka ya 1990, kuna viungo, kuna kahawa. Na kihamba cha Wachagga, migomba chini ya miti, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, ng'ombe ndani, mifongo inaleta maji toka juu mlimani, kile ni kilimo hai kabla jina halijabuniwa. Sasa hivi vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa viwanja vya nyumba. Huo ndo uharibifu ambao hakuna dawa ya kupuliza.

Kuchoma shamba kabla ya kulima kuna ubaya gani? Babu zetu walichoma.

Babu walichoma wakahama, wakaliacha shamba miaka kumi kumi na tano msitu ukarudi. Majivu yanatoa rutuba ya haraka msimu wa kwanza, ndo maana inaonekana inafaa. Wewe unachoma palepale kila Oktoba, shamba halijawahi kulala. Na moto wako unapanda mlimani usiku wakati umelala.

Nimesikia kilimo hifadhi unapanda bila kulima kabisa. Inawezekanaje?

Inawezekana, na mimi nafanya nusu nusu. Wazo ni mambo matatu, usivuruge udongo isipokuwa pale mbegu inapoingia, uufunike muda wote, na ubadilishe mazao. Badala ya kupindua shamba lote unapasua mstari tu kwa jembe la kupasulia linalovutwa na ng'ombe, au unachimba vishimo kwa mkono. Trekta na jembe la mkono yakirudia kina kilekile miaka mingi chini yake kunajengeka tabaka gumu, mizizi ikifika hapo inakunja kona. Niling'oa mhindi mmoja mwaka wa ukame mzizi umepinda kama herufi L, nikaelewa kwa nini majirani wa mwisho wa shamba waliopasua kwa kina walivuna mimi nikavuna magugu.

Sasa matatizo, maana kwenye semina hawayasemi. La kwanza magugu. Mwaka wa kwanza na wa pili yanakuja kwa fujo, ama upalilie mara tatu nne ama upulize dawa ya kuua magugu, na hapo wa mazingira wanaanza kukupigia kelele tena. La pili ni matandazo. Wanakwambia acha mabua shambani, sawa, ila huku kwetu ukishavuna shamba ni la wote, ng'ombe wa mtu anaingia anakula mabua yako yote na ukimfuata anakuuliza "kwani mabua unakula wewe?" Tumegombana, tumekaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, tumekubaliana, mwaka uliofuata ng'ombe wakaja tena. Mwishowe nimepanda mbaazi katikati ya mahindi. Mbaazi zinabaki shambani mahindi yakishatoka, mwenye ng'ombe anaogopa kuingiza kwa sababu bado kuna zao la mtu, majani yake yanadondoka yanakuwa tandazo, mzizi wake unaenda chini unapasua lile tabaka, na naitrojeni unapata bure. Babati na Karatu wanafanya hivyo miaka mingi.

Bei ya mbaazi lakini! Mwaka 2017 India ikabana kuingiza, bei huku ikaanguka mpaka watu wakaziacha shambani. Zao zuri kwa udongo linaweza kukufilisi kwa sababu ya tangazo la Delhi.

Mpunga unamaliza maji?

Unaweza. Mto Ruaha Mkuu tangu miaka ya 1990 mwanzoni ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanajazana kwenye madimbwi ya tope. Juu yake kuna bonde la Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali, chini yake mabwawa ya Mtera na Kidatu yanakotoka maji ya umeme. Mwaka 2006 wafugaji wakahamishwa kwenye kinamasi cha Ihefu, hukohuko Usangu, kwa maelfu wakaambiwa ng'ombe wao ndo wamekausha mto. Wataalamu waliopima maji walikuwa wameshaonyesha kwamba kinachoumiza zaidi ni mifereji inayoendelea kuchota kiangazi, hata pale shambani hakuna mpunga. Maji yanatoka mtoni, yanazunguka kwenye majaruba matupu, yanapotea kwa jua. Ng'ombe anaonekana kwa macho ndo maana ni rahisi kumlaumu, mfereji umelala kimya.

Halafu jaruba likijaa maji muda mrefu, vijidudu vya kwenye tope lisilo na hewa vinatoa methani, gesi nyingine ya joto.

Kilimo shadidi kinasaidia vyote viwili. Kilianzia Madagaska, padri Mfaransa Henri de Laulanié akishirikiana na wakulima miaka ya 1980, hapa Mvomero wamekijaribu sana Mkindo. Unahamisha mche ukiwa mdogo wa siku nane hadi kumi na tano, mmoja mmoja, nafasi sentimita 25 kwa 25, maji unaweka unaacha yakauke mpaka ardhi ianze kupasuka nywele kisha unaweka tena. Siku ya kwanza shamba linaonekana kama la mtu aliyefilisika, vimche viwili vitatu vimesinzia kwenye tope, majirani wanakucheka. Mwezi wa pili kila shina lina machipukizi thelathini. Mbegu unatumia kilo mbili tatu kwa ekari badala ya ishirini na zaidi. Ubaya ni palizi, maana bila maji magugu yanafurahi, na lazima uwe na mamlaka juu ya maji yako, kama we uko mwisho wa mfereji na maji yanakuja Jumanne tu huwezi kukausha kwa makusudi, utakausha kweli.

Dawa za wadudu vipi, nyanya bila dawa haiwezekani?

Nilikwambia nyanya zimenifunza adabu. Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014 kutokea Arusha, asili yake Amerika ya Kusini, ni nondo mdogo ambaye funza wake anaishi ndani ya jani, unapuliza juu yeye yuko chini ya blanketi. Mwaka wangu wa kwanza nilipuliza kila siku nne. Duka la dawa mtu aliniambia changanya mbili tatu kwa pamoja inakuwa kali, nikachanganya. Bila barakoa, kaptura, kandambili. Usiku kichwa kikawa kinapasuka, mate yananijaa, mke wangu akanipa maziwa ambayo hayasaidii chochote, nikapona kwa rehema za Mungu. Na kantangaze hakufa, maana ukipuliza kundi lilelile la dawa kila siku wanaobaki ni wale sugu, unafuga sugu wako mwenyewe. Waliokufa ni nyuki, maboga pembeni hayakushika hata moja mwaka ule.

Sasa hivi nafanya hivi, natega nondo kwa mtego wa harufu na beseni la maji ya sabuni, nachuma majani yenye mikunjo asubuhi nayazika, sipandi nyanya baada ya nyanya, mwarobaini natumia mapema. Dawa ya dukani ni ya mwisho, nabadilisha kundi, na naheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa. Hilo la mwisho ni la kwenu mnaokula, maana wapo wanaopuliza leo asubuhi na jioni gari linapakia.

Na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi?

Hao wameingia Afrika 2016, Tanzania 2017. Wengi wanapuliza mapema asubuhi au jioni wakati kiwavi yuko nje ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochipukia. Wengine wanaweka mchanga au majivu kwenye huo moyo, kwa shamba dogo inasaidia.

Ila kuna kitu kinaitwa vuta-sukuma, kilitengenezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichopo Kenya, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria, profesa Zeyaur Khan na wenzake, miaka ya 1990, kwa ajili ya bungua wa mabua. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, harufu yake inawafukuza nondo. Kuzunguka shamba unapanda mabingobingo, nondo anavutwa huko anataga, viwavi wakitoboa shina wananaswa na utomvu wanakufa wengi. Kilichowashangaza wenyewe ni kwamba na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kikapungua! Mizizi ya desmodiamu inakidanganya kiduha kiote halafu hakipati pa kushika, kinajifia. Na vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Shida ni mbegu ya desmodiamu, ghali na inachelewa kuota, mwaka wa kwanza inabidi uipalilie kwa mkono kama mtoto.

Si bora mashamba makubwa ya kisasa yatulishe, wakulima wadogo waachane na jembe?

Nenda Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa karanga, zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, matrekta yaliyobaki vitani, reli, bandari Mtwara. Mibuyu ilivunja matrekta, udongo wa Kongwa kiangazi unakuwa kama saruji karanga haing'oki, mvua ikagoma. 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zimeyeyuka. Hakuna aliyemuuliza Mgogo mmoja kwa nini yeye pale anafuga na analima uwele na mtama. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe, yaani ardhi ilirudi kwenye jibu ambalo wenyeji walikuwa nalo.

Sisemi kubwa ni mbaya siku zote, ngano na miwa zinataka ukubwa. Nasema trekta halisomi mvua.

GMO je, hizi mbegu zilizobadilishwa vinasaba?

Fupi. Kenya walipiga marufuku kuingiza 2012, 2022 wakaondoa marufuku. Tanzania walijaribu mahindi Makutupora, serikali ikasimamisha majaribio. Mimi tatizo langu kubwa shambani ni mvua, ng'ombe na dalali, hakuna mbegu inayotibu dalali.

Ng'ombe wanachafua hewa kweli?

Akicheua anatoa methani, kweli. Kondoa miaka ya 1970 ardhi ilichanika kabisa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza 1973, mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililoharibika, nyasi na miti vikarudi kwa kasi ambayo watu hawakutarajia. Ila walioumia ni familia zilizokaa bila maziwa na bila samadi, baadaye ndo wakaruhusiwa ng'ombe wa kufungia ndani. Kwa hiyo sio ng'ombe, ni idadi na mahali anapolala.

Tukilima vizuri zaidi njaa itaisha?

Mnasahau ghala. Mimi mwaka mmoja nilivuna gunia 22, nilikula na kuuza 15. Saba zilikwenda kwa dumuzi. Huyu mdudu alitoka Amerika ya Kati akaonekana kwanza Tabora miaka ya mwisho ya 1970, huko wakampa jina Scania. Unafungua gunia juu mahindi, chini unga. Chakula kile kilikula mbolea, kilikula maji, kilikula mgongo wangu, halafu kikawa vumbi. Ukiniuliza njia gani ya kilimo ni rafiki wa mazingira kuliko zote nitakwambia ni ile ya kutopoteza gunia ulilokwisha kuvuna, lakini hiyo haina picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda.

Na kuna sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na kufa 125, Makueni na Kitui zaidi. Kwetu 2016 Dodoma na Manyara walikufa watu pia. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo, yakaingia ghalani na unyevu. Jaribio ni hili, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo rudisha mahindi juani. Ikidondoka chini haijashika, tia kwenye mfuko wa tabaka tatu, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Hauhitaji dawa, mdudu anakosa hewa. Na usiweke kwenye sakafu, panya akitoboa tundu moja tu kazi imeharibika.

Nina ekari moja kwenye mteremko, hela ndogo. Nianze na nini kesho?

Kesho tengeneza kipimo cha A. Fito mbili za mita mbili, funga juu, fito ya tatu katikati kama ngazi, kamba yenye jiwe inaning'inia toka juu. Simamisha, weka alama kamba inapogusa fito ya katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndo usawa. Sasa tembea nacho shambani, kila kamba ikikaa katikati piga kigingi mguuni. Ukimaliza utaona mstari wa vigingi umepinda pinda kama nyoka, usiunyooshe! Wenzangu wengi wananyoosha kwa sababu unaonekana mbaya, maji yanakusanyika kwenye ile kona waliyonyoosha yanapasua korongo. Panda mabingobingo hapo hata mstari mmoja, lima kufuata huo. Mbolea, mbegu, dawa, vyote baadaye.

Hizo mbegu za desmodiamu unauza?

Siuzi. Nina mistari minne tu na ng'ombe wa jirani anaijua.